Maneno Tuliyowaambia Akina Mama na Akina Baba



Sisi tuliotoka Gitega na Muyinga tulilelewa kwamba mambo ya ukeni hayasemwi hadharani. Leo tutayasema, maana kuna nyumba zinavunjika kwa kusingiziana uzinzi.

Ukeni mnaishi bakteria wema. Daktari Albert Döderlein wa Ujerumani aliwaeleza mwaka 1892. Hutengeneza asidi, ile ile ya maziwa ya mgando, inayozuia wadudu wabaya. Mama akijiosha ndani kwa sabuni anawafukuza walinzi hao, na yanaweza kutoka majimaji yenye harufu kama ya samaki. Hata mkojo wa kibofuni, uliodhaniwa zamani hauna kijidudu, utafiti wa miaka ya 2010 umekuta una wakazi wake.

Basi, baba, harufu hiyo si ushahidi wa uzinzi. Lakini isidharauliwe: huko Rakai, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta virusi vya UKIMWI zaidi kwa wanawake waliopungukiwa bakteria hao. Nendeni zahanati. Dawa ni metronidazoli, kwa kawaida siku 7, na imalizwe yote. Kuosha ni nje tu, kwa maji. Na maji, ndugu wa mashirika, bombani hayatoshi.