Tuanze na Choo na Jiko

(Mazungumzo na vijana baada ya swala ya alasiri, Garsen)



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, ndugu yangu kijana, leo nataka tuzungumze juu ya choo na jiko. Usicheke! Nisikilize kwanza.

Kila kumi la mwisho likiingia, sisi vijana hushika brashi. Sebule inapakwa rangi, pazia jipya, Idd hiyo yaja. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nyumba ya nyanya yetu ni ya zamani, ya fito na udongo. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipopungua, yaliacha mstari wa tope ukutani, na choo cha nyuma kikawa kimetitia upande mmoja. Wajukuu tukachanga pesa. Tukafanya nini? Tukanunua rangi na viti!

Ramadhan iliyofuata nililala pale. Wakati wa daku nikamuona nyanya amekunywa funda moja la maji, basi. Nikamwambia, "Nyanya, ongeza maji, mchana jua ni kali." Akanijibu polepole, "Mjukuu wangu, nikinywa nitatoka gizani, na kile choo nakiogopa." Wallahi nilinyamaza. Viti vipya viko sebuleni, na mzee wetu anafunga na kiu kwa kuogopa choo.

Basi wewe ukitaka kukarabati nyumba ya wazee, anzia huko. Swala haisihi bila twahara, na afya pia huanzia hapo. Mwezi wa Mei 2024 kipindupindu kiliripotiwa hapa kwetu Tana River baada ya mafuriko. Choo kikifurika, uchafu unaingia kwenye maji tunayoyanywa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Huku delta maji ya chini yako karibu. Ukichimba sana unachimba kisima. Kwa hivyo chimba shimo fupi, lijengee kuta za matofali, kisha liinue juu ya ardhi. Kipimo unacho tayari: ule mstari wa tope ukutani. Sakafu ya choo ipite juu yake. Ngazi ziwe fupi fupi, na mzee awe na mahali pa kushika. Kaa mbali na kisima, angalau mita 30. Slabu ni ndoo 1 ya simiti, 2 za mchanga, 4 za kokoto, na nondo ndani; kisha imwagilie maji siku 7. Mchanga uwe wa mtoni uliosafishwa. Ule wa ufuoni Kipini una chumvi, utakula chuma.

Tena mwambie fundi mapema habari ya Kibla. Kutoka Garsen, Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja. Basi tundu lilale mashariki na magharibi, ili mtu asielekee Kibla wala asikipe mgongo.

Bafuni, maji ya kuoga yasiingie shimo la choo, maanake litajaa upesi. Yachimbie shimo lake, ulijaze mawe. Sakafu iwe na mteremko, lakini isiteleze. Nje weka mtungi wa lita 20 wenye bomba, na sabuni. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki lita moja. Sasa hesabu mwenyewe, mtungi mmoja watosha watu wangapi!

Na jikoni je? Saa hii mimi na wewe tumekaa hapa kwenye mkeka, mama zetu wameinamia mafiga, moshi machoni, na wao pia wamefunga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Jenga jiko la mawe na udongo lifike kiunoni, mama asiiname. Toboa madirisha mawili yanayoelekeana. Weka dohani ya kutoa moshi nje. Lakini paa likiwa la makuti, mwite fundi, usibahatishe na moto. Na kuni za mathenge zianikwe zikauke kabla ya kutiwa jikoni.

Utasema pesa hakuna. Sawa, lakini mikono ipo. Kuchimba, kuponda kokoto na kuteka maji hakuhitaji harambee. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) hufanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka. Sisi ni nani hata tuone haya kushika sepetu?

Choo cha nyanya tulikimaliza mwezi wa Shaaban. Usiku wa daku ya kwanza nilimuwekea kikombe cha maji. Akakimaliza. Halafu akanisukumia kile kikombe, akasema, "Nitilie kingine."

Allah atukubalie funga zetu na atupe tawfiki ya kuwahudumia wazee wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.