Unga wa Kujenga Mwili: Tuuchague kwa Hesabu

Somo hili ni lenu nyote mliokutana darasani: ninyi wa Handeni, wa Mkata na Kabuku, na ninyi wa Korogwe na Mombo. Leo tutasoma juu ya unga. Sisemi sembe wala dona, bali ule unga unaouzwa kwa sifa kwamba unajenga mwili. Shikeni kalamu na daftari, maana leo somo la afya na somo la hesabu ni moja.

Unga huo ni wa namna mbili. Wa kwanza huuzwa mjini katika makopo makubwa, na hununuliwa sana na vijana wanaonyanyua vyuma. Mwingi wake hutokana na maziwa: maziwa yakigandishwa ili kutengeneza jibini, yale maji yanayobaki hukaushwa yakawa unga. Wa pili ni unga wa lishe, unaouzwa madukani na sokoni kwa ajili ya uji wa watoto, wazee na wagonjwa.

Kitu kinachotafutwa katika unga huo ni protini. Hiyo ndiyo hujenga nyama ya mwili, damu na ngozi, na hutengeneza palipoumia. Mtu mzima huhitaji kila siku karibu gramu 0.8 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake. Basi mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 kwa siku. Mama mjamzito na mama anyonyeshaye huhitaji zaidi.

Je, protini iko wapi? Andikeni. Katika gramu 100 za chakula kikavu kuna protini kama hivi:

Dagaa wakavu: zaidi ya gramu 50
Soya: gramu 36
Karanga: gramu 25
Kunde: gramu 23
Maharagwe: gramu 22
Unga wa mahindi: gramu 8
Unga wa muhogo: gramu 2

Yai moja lina gramu 6, na kikombe cha maziwa gramu 8.

Sasa tufanye hesabu ya kwanza. Mtu anakula gramu 400 za unga wa mahindi kwa siku. Hapo anapata protini gramu 32. Akiongeza gramu 100 za maharagwe, anapata 22 zaidi. Jumla ni gramu 54. Mtu huyu ametimiza haja yake, wala hakufungua kopo lolote. Wakati wa ukoloni, vibarua wa mashamba ya mkonge walikuwa wakipewa posho ya unga na maharagwe. Wenye mashamba walijua kwamba mtu hawezi kukata mkonge kwa unga mtupu.

Lakini tugeuze hesabu. Mvua zikikosekana Handeni, mahindi hukauka, na watu hutegemea muhogo. Gramu 400 za unga wa muhogo zina protini gramu 8 tu. Mtu anaweza kula bada akashiba kabisa, na mwili wake usipate cha kujengea. Hapo ndipo pengo lilipo. Gramu 100 za maharagwe na gramu 40 za dagaa zitaliziba: 8 na 22 na 20 ni 50. Kwa hiyo, swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: "Katika chakula changu cha kila siku, pengo ni kiasi gani?" Asiye na pengo hana haja ya kopo. Protini inayozidi haja ya mwili haigeuki misuli. Mwili huitumia kama kuni, au huigeuza mafuta.

Swali la pili ni bei. Msilinganishe bei ya kopo na bei ya kilo. Linganisheni bei ya gramu moja ya protini. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kopo la kilo moja lina protini gramu 800, na bei yake ni shilingi 120,000. Gawanyeni: kila gramu ni shilingi 150. Tuseme kilo ya maharagwe, yenye protini gramu 220, ni shilingi 3,300. Gawanyeni: kila gramu ni shilingi 15. Kopo ni ghali mara kumi. Bei hizi ni za mfano; nanyi wekeni bei za soko lenu, kisha mpige hesabu wenyewe.

Swali la tatu: ndani mna nini? Hapa kusoma kunaleta faida. Katika maandishi ya pakiti, kitu kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi kuliko vyote. Kikitajwa sukari, basi mnanunua sukari. Wengine husifu unga wa nafaka saba au kumi. Lakini mahindi, mtama, uwele, ulezi, ngano na mchele wote ni nafaka, ni ndugu wa nyumba moja. Kuchanganya ndugu hakuongezi protini nyingi. Tafuteni jamii ya kunde, soya, karanga, maziwa au dagaa. Kisha someni tarehe ya mwisho wa matumizi, na jina na anwani ya mtengenezaji, na tazameni kama kuna alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula.

Unga mzuri twaweza kuutengeneza nyumbani. Chukueni gramu 750 za mahindi na gramu 250 za soya. Soya mbichi isisagwe, maana ina kitu kinachozuia tumbo lisipate protini yake. Ichemsheni nusu saa, iondoeni maganda, ianikeni, ikaangeni, ndipo isagwe. Mahindi yatatoa protini gramu 60 na soya gramu 90. Jumla ni 150 katika kilo moja, karibu mara mbili ya unga wa mahindi peke yake. Tena nafaka na jamii ya kunde husaidiana: kile kilichopungua katika protini ya mahindi kimo katika soya. Sageni kidogo kidogo, kwa sababu unga wenye mafuta huvunda upesi.

Lakini jihadharini na sumu kuvu. Huota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Na wilaya ya Kiteto, mojawapo ya zilizopatwa, inapakana na jirani zetu wa Kilindi. Punje zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe. Msizipeleke mashineni kwa kudhani kwamba zikisagwa hazitaonekana.

Zamani hata wataalamu walidhani unga wa protini utamaliza utapiamlo duniani. Mwaka 1974 Dakta Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba walikosea: watoto wengi walikuwa wamepungukiwa na chakula chote, si protini peke yake. Mtoto asiyeshiba huichoma protini kama kuni, akabaki bila cha kujengea. Kwa hiyo mpeni uji mzito, tieni karanga zilizotwangwa au mafuta kidogo, na mpeni mara nyingi kwa siku. Lakini asiyetimiza miezi sita apewe maziwa ya mama tu.

Neno la mwisho ni zito. Mtoto akivimba miguu, nywele zikawa nyekundu na nyepesi, akawa mnyonge asiyetaka kula, huenda ni kwashakoo. Msikimbilie dukani kununua unga. Mpelekeni zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Siku za mwanzo mtoto huyo hupewa maziwa maalumu yenye protini kidogo, kwa sababu mwili wake hauwezi kubeba nyingi. Unga mkali waweza kumdhuru. Vilevile mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza.

Mwaka 1975 madarasa kama haya, nchi nzima, yalisikiliza redio katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Jina lile bado ni kweli. Basi hesabuni kwanza, someni pakiti, ndipo mfungue mfuko. Kwaherini.

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA
protini – gramu – pengo – nafaka – jamii ya kunde – unyevu – sumu kuvu

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Mtu wa kilo 50 anahitaji protini gramu ngapi kwa siku?
2. Andika ulivyokula jana. Je, una pengo?
3. Uliza bei ya dagaa na ya kunde sokoni. Protini ya kipi ni rahisi zaidi?
4. Leteni pakiti ya unga wa lishe. Ni kitu gani kimetajwa kwanza?