Tuhakikishe Kabla ya Kutoa: Tahadhari ya Barua Pepe za Ulaghai



Tumo katika mwezi ambao mikono hufunguka. Hapa Uingereza zaka, sadaka na fitri zetu nyingi hupitia katika simu na kompyuta, na matapeli wanalijua hilo. Barua pepe huja na picha ya yatima, nembo ya shirika tunalolifahamu, na himizo kwamba tutoe usiku huu huu. Nyingine huja kana kwamba imetoka kwa mweka hazina wa msikiti, ikitutaarifu kuwa akaunti ya benki imebadilika.

Silaha ya tapeli ni haraka. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, imetufunza kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi. Basi kusita kidogo si ubahili, bali ni kuilinda amana ya maskini. Pauni iliyomwangukia mwizi haikumfikia mwenye njaa.

Kwanza, tutazame anwani kamili ya mtumaji, si jina lake tu. Herufi moja iliyozidi yatosha kutuonya. Hata anwani ikiwa sahihi, tukumbuke kuwa barua pepe ya rafiki yaweza kuingiliwa na mwizi. Pili, tusibonyeze kiungo kilichomo. Tuifungue wenyewe tovuti ya shirika, na tulitafute jina lake katika daftari la Charity Commission, linalosajili mashirika ya hisani ya England na Wales. Tatu, tukiambiwa akaunti imebadilika, tumpigie mhusika kwa namba tuliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyoandikwa katika barua hiyo. Nne, neno la siri na tarakimu za uthibitisho hapewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki. Barua yenye shaka tuipeleke report@phishing.gov.uk.

Na aliyekwisha kunaswa aipigie benki yake papo hapo. Namba 159 huunganisha na benki nyingi za nchi hii. Asinyamaze kwa kuona haya, kwani aibu ni ya aliyeiba. Nasi tusimcheke wala kumkemea mzee wetu aliyetapeliwa. Tukimcheka leo, kesho atatuficha, na mwizi atarudi kwake akijua yuko peke yake.

Mwenyezi Mungu azipokee saumu zetu na azifikishe sadaka zetu kwa wanaostahiki. Amin.

Wabillahi tawfiq.