Herufi Tatu za Wanafunzi

Ninyi mlioketi madarasani huko Singida, Iramba na Manyoni, mwalimu na aandike ubaoni herufi tatu kubwa: Z, B, T. Zisomeni kwa sauti. Ni jina la umoja wa wanafunzi, na leo nitawaeleza habari zake.

Mmesikia wazee wakisimulia safari za manamba, kutoka huko kwenu mpaka mashamba ya mkonge. Mtu akifika huuliza kwanza: Yuko Mnyaturu hapa? Yuko Mnyiramba? Maana ukiugua, nani atakuletea uji? Mwanafunzi naye ni mgeni huko asomako.

Katika vyuo vya Marekani wanafunzi walikuwa na vyama vya udugu vilivyoitwa kwa herufi za Kigiriki. Wenye chama waliishi pamoja, wakala pamoja, na baada ya masomo wakasaidiana. Lakini vingi havikupokea Wayahudi. Kijana alifaulu mtihani kama wenzake, akalipa karo kama wao, kisha akafungiwa mlango kwa ajili ya dini na ukoo wake. Basi tarehe 29 Desemba 1898, vijana wa Kiyahudi wa vyuo vya New York walikutana, wakitiwa moyo na Profesa Richard Gottheil, wakaanzisha umoja wao. Z, B, T zilitoka katika maneno matatu ya Kiebrania ya kitabu cha Nabii Isaya, yasemayo kwamba Sayuni itakombolewa kwa haki. Mwaka 1903 ukawa chama cha udugu kama vile vilivyowakataa, na herufi zikasomwa kwa Kigiriki: Zeta Beta Tau.

Hapo tusimame kidogo. Waliokataliwa sasa walikuwa na nyumba yao. Je, asiye Myahudi akipiga hodi? Kwa miaka mingi hakupokelewa. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1954. Mimi naona walichelewa, ingawa si rahisi kumlaumu mtu anayeshika kwa nguvu kitu alichokijenga baada ya kunyimwa.

Na kwetu je? Mwaka 1943 Julius Nyerere alikwenda kusoma Makerere, Uganda. Watanganyika kule walikuwa wachache. Yeye, Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu wakaanzisha chama cha kusaidiana. Shida yao haikuwa ile ya New York. Ilikuwa uchache, na umbali wa nyumbani. Halafu wakafanya jambo ninalolipenda kuliko yote: hawakukifungia chama chao chuoni, bali walikiunganisha na TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika. Nyerere alipomaliza alifundisha Tabora, kwa jirani zenu, akawa katibu wa TAA pale. Mwaka 1953 alichaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Nayo TANU mwanzoni ilipokea Waafrika tu. Raia wa asili nyingine waliingia baada ya Uhuru.

Sasa chukueni kalamu. Kila mmoja aandike jina la umoja mmoja wa hapo kijijini, wa kulima, wa kuzika au wa kuimba. Chini yake aandike ni nani asiyeruhusiwa kuingia, na kwa nini. Mwalimu atasahihisha herufi tu. Majibu mtayasoma wenyewe, kwa zamu. Kwaherini.