Umeme Ukikatika, Tununue Nini?

Nyinyi mlio darasani pamoja na mwalimu wenu, na nyinyi mtakaosoma karatasi hii nyumbani, wekeni kalamu na daftari karibu, maana somo la leo lina hesabu.

Mnaukumbuka mgao wa umeme uliotupata hapa Tanzania mwaka 2023 hata mwanzoni mwa 2024. Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, ulianza kazi Februari 2024, na shida ile ikapungua. Lakini umeme wa bwawani una safari ndefu mpaka kwako. Nguzo huanguka, transfoma huungua, na giza huingia hata siku isiyo ya mgao.

Katika mgao ule mimi nilinunua betri ya gari. Niliiona nzito, na bei yake nafuu, nikasema hii ndiyo. Kila usiku tuliwasha taa na televisheni mpaka betri ikaisha kabisa. Haikupita miezi mingi, ikawa haiwezi kuwasha hata taa moja mpaka saa tatu usiku. Fedha zile tulikuwa tumeziweka kwa sare na madaftari ya watoto. Mpaka leo mama watoto akiiona betri ile uani huniita “fundi”.

Kosa langu lilikuwa nini? Betri ya gari hutengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, ili kuwasha injini. Ukiimaliza kila usiku, unaiua. Dukani ulizeni betri ya sola. Nayo pia, ikiwa ni ya risasi na asidi, msitumie zaidi ya nusu ya umeme uliomo. Betri ya lithiamu ni ghali zaidi, lakini huweza kutumiwa karibu yote, na huishi miaka mingi zaidi.

Kosa la pili, sikuhesabu. Sasa andikeni. Kila chombo kina namba ya wati, imeandikwa nyuma au chini yake. Zidisha wati kwa saa utakazokitumia. Jibu huitwa wati-saa. Taa 4 za wati 9 ni wati 36. Kwa saa 5 ni 180. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Redio ya wati 10 kwa saa 4 ni 40. Simu mbili, kila moja wati 5, kwa saa 3 ni 30. Jumlisheni. Mmepata ngapi? Ni 450.

Betri ya volti 12 iliyoandikwa 100 Ah ina wati-saa 1,200, yaani 12 mara 100. Nusu yake ni 600. Basi inatosha nyumba hii, na baki kidogo, kwani sehemu ya umeme hupotea njiani. Lakini pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja tu hula kuliko vyombo vyote vile pamoja. Pasi ingojee umeme wa nguzo, au rudini kwenye pasi ya mkaa.

Je, ni lazima kununua paneli? Si lazima. Kama kwenu umeme hukatika saa chache kisha hurudi, betri na inveta yenye chaja vinatosha: umeme ukirudi, betri hujazwa. Wauzaji wengine hawatawaambia hivyo. Paneli inafaa umeme ukipotea siku nzima, au pasipokuwa na nguzo kabisa. Tukihesabu saa 4 za jua kali kwa siku, paneli ya wati 150 hutoa wati-saa 600, nazo hupungua kabla ya kufika kwenye taa. Kati ya paneli na betri lazima pawe na kidhibiti chaji, betri isijazwe kupita kiasi.

Mwenye friza ya biashara huenda akahitaji jenereta. Lakini kwanza jueni hili: friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi baridi saa 48 hivi, iliyojaa nusu, saa 24. Mzuieni kila mtu asiifungue kuchungulia.

Jenereta msiiwashe ndani, wala jikoni, wala barazani karibu na dirisha, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huua watu wamelala. Wala msiichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme hurudi nyuma mpaka kwenye nyaya za barabarani, na fundi aliye juu ya nguzo anajua zimezimwa.

Kazi ya nyumbani: someni namba ya wati kwenye kila chombo mlicho nacho, mfanye hesabu kama ile ya leo, na mwalimu aisahihishe. Juma lijalo tutasoma cheti cha dhamana cha betri, mstari kwa mstari. Kwaherini.