Mwalimu, umewahi kutunga?

Juma lililopita nilikuwa Rujewa kwa kaka yangu, nikala wali wa Mbarali mpaka nikasahau kazi. Jioni moja binti yake, yuko kidato cha pili, akaniletea daftari. Alikuwa ametunga shairi juu ya kuamia ndege. Kwa wasiotoka kwenye mpunga niwaeleze: kwelea kwelea wakishuka shambani, mavuno yamekwenda. Mtoto huamka alfajiri akashinda huko akipiga kelele na kurusha madonge. Katika beti tano binti yule alimwonea ndege huruma, maana naye ana njaa. Kisha katika ubeti wa mwisho akamrushia donge.

Chini yake kulikuwa na wino mwekundu: mizani zimezidi ubeti wa mwisho, rudia. Basi. Hakurudia, aliacha kutunga.

Nakiri kwamba hata mimi, kabla ya kusoma, nilimwuliza vina vyake ni vipi.

Sizidharau sheria. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, lakini ndani ya kitabu hicho hicho mna diwani yake. Aliyekupa sheria alikuonyesha na shamba lake. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, msomi na mchambuzi, akatoa *Kichomi* akiziacha sheria hizo, na wenye jadi wakaja juu. Njia mbalimbali, lakini kila mmoja alikuwa mtunzi.

Aliyesahihisha daftari lile ni kijana wa chuo, yuko katika mazoezi ya kufundisha. Kaka alimkaribisha chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umewahi kutunga shairi?"

"Hapana, mzee. Chuoni tulichambua tu. Fani, maudhui, tamathali za semi. Na darasani nina watoto zaidi ya sitini. Kuhesabu silabi ni kazi ya haraka."

Hapo hakudanganya. Madaftari sitini si mchezo. Lakini kwa maoni yangu, vyuo vya ualimu visimpeleke mtu kufundisha ushairi kabla hajahangaika na ubeti wake mwenyewe, hata ukiwa mbovu. Nikamwomba atunge mmoja tu, mishororo minne, juu ya jambo lolote.

Kesho yake akaja macho mekundu.

"Mzee, usiku kucha nimetafuta neno linaloishia na *ma*. Nililolipata halina maana niliyoitaka. Nimelirudia na shairi la yule binti. Angezikata zile silabi mbili, ndege asingepigwa donge."

"Umemwambia mwenyewe?"

Alikuwa hajamwambia. Tukamwita. Kijana akamwomba radhi, kisha akampa karatasi yake aisome. Binti akaisoma polepole, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu.

"Shikamoo mwalimu," akasema. "Hapa zimepungua tatu."