Makuli wa Bombay

(Hotuba iliyosomwa na katibu mwenezi wa vijana mbele ya wanachama na wabeba mizigo wa mpakani, Tunduma)



Mwenyekiti ameniagiza niwaeleze habari za safari yangu ya Bombay. Sababu ya safari wengi mwaijua. Mjomba wangu aliugua moyo, ikaamuliwa akapasuliwe Uhindi, na ukoo ukataka afuatane na kijana anayeweza kujieleza kwa Kiingereza. Nikachaguliwa mimi, kwa kuwa nimepita chuo cha ualimu. Mjomba alipasuliwa, akapona, na leo ameketi pale mstari wa mbele, hivyo nikitia chumvi atanikanusha. Habari za hospitali sitazisema. Nitasema za mjini, maana katika majuma sita niliyokaa huko nilikuwa na saa nyingi za mchana za kungoja, nikazitumia kutembea.

Kwanza jina. Tangu 1995 mji huo huitwa rasmi Mumbai, lakini wazee wetu wanaujua kwa jina la Bombay, nami nitawafuata wao. Mwaka 1661 Mreno aliutoa visiwa vyake vikiwa mahari ya binti yao aliyeolewa na mfalme wa Uingereza, na mwaka 1668 mfalme yule akaikodisha bandari nzima kwa kampuni ya wafanya biashara kwa paundi 10 kwa mwaka. Paundi kumi, ndugu zangu! Wakazi wa pale hawakuulizwa neno.

Kabla ya kulazwa, mjomba alitaka kuiona bahari. Akamwambia dereva wa teksi kwa sauti ya kujiamini: "Bandari! Bandari!" Dereva alicheka mpaka akasimamisha gari kando ya njia. Kumbe kwa Kihindi *bandar* ni kima. Lakini kwa Kimarathi, lugha ya jimbo lile, neno hilo hilo ni bandari kama ya kwetu, na gati la zamani la mjini laitwa Apollo Bunder hata leo. Basi tukapelekwa baharini, hatukupelekwa kwa kima. Ukisimama sokoni kwao masikio yanakudanganya: gari, duka, rangi, chai, laki. Utadhani uko Kariakoo.

Neno moja katika hayo ndilo lililonishika, nalo ni kuli.

Katika stesheni kubwa ya reli, ile iliyokamilishwa 1888 ikapewa jina la Malkia Victoria, nilikuta wazee kwa vijana wenye mashati mekundu na bamba la shaba lenye namba mkononi. Mmoja, mwenye mvi kichwa kizima, alijitwika masanduku mawili, akapachika mfuko begani, akaondoka kwa mwendo ambao mimi mwenye mikono mitupu nilishindwa kuufuata. Hao ndio makuli. Mwaka 1896 Mwingereza alipoanza kujenga reli ya Mombasa, alileta watu kama hao kutoka Uhindi zaidi ya 30,000. Wajuzi wa lugha wanabishana: wengine husema neno latokana na Kitamil, maana yake ujira, wengine husema latokana na jina la kabila, Wakoli. Mwaka 2016 serikali yao iliamua kuwa wachukuzi wa reli wasiitwe tena makuli bali wasaidizi. Nilimwuliza mzee mmoja anapenda aitwe nani. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha stesheni kuwa jina halipunguzi uzito wa sanduku.

Nikataka kuwaona Wakoli. Wako watu wanaoitwa hivyo mpaka leo, wavuvi, wenyeji wa visiwa vile kabla ya Mreno na Mwingereza. Ukienda alfajiri kwenye gati la Sassoon, lililofunguliwa mwaka 1875, utawakuta. Mashua zimebanana hata huoni maji, vijana wanatupiana vikapu vya samaki hewani, barafu inasagwa, na harufu, jamani, harufu inakufuata mpaka kitandani. Wanaoendesha biashara pale ni akina mama. Wanaume huleta samaki. Mama Mkoli, nguo amezikaza kiunoni na dhahabu masikioni, ndiye anayenadi na kupokea fedha. Nilimwona mmoja akikataa bei mara nne mbele ya tajiri mwenye gari la barafu, amempa mgongo kabisa, mpaka yule tajiri akaongeza. Mama zetu mnaouza ndizi na mchele kwenye foleni ya malori, niliwakumbuka ninyi.

Sasa niwaambie jambo ambalo mimi mwenyewe, na ualimu wangu wote, sikulijua vizuri mpaka nilipolisoma kule. Mwaka 1864 meli ndogo iliingia bandari ile ikitoka Unguja, baada ya siku zipatazo 45 baharini. Jina lake *Lady Nyassa*. Ilikuwa imetengenezwa kwa vipande ili ipandishwe mpaka Ziwa Nyasa, ziwa hili hili ambalo mto wetu Songwe unamwaga maji yake. Haikufika ziwani kamwe. Livingstone aliipeleka Bombay kuiuza. Na mabaharia wake walikuwa nani? Waafrika wa bara, watu wa Zambezi na Shire, pamoja na Chuma, mtoto wa Kiyao aliyekuwa ameokolewa kutoka kwa wauza watumwa. Chuma aliachwa shuleni Bombay. Susi, mtu wa Shupanga, alibaki akafanya kazi gatini. Yaani miaka mia moja na sitini iliyopita mwenzetu alikuwa kuli wa Bombay!

Hao wawili ndio walioongoza msafara uliobeba maiti ya Livingstone mwaka 1873 kutoka kijiji cha Chitambo mpaka Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa 1874. Madereva mnaokwenda Mpika na Serenje mnapita si mbali na mahali walipoanzia. Ninyi hulalamika kwa lori. Wao walikwenda kwa miguu, na mzigo begani, zaidi ya maili elfu moja. Vitabu vingi huwataja kama "watumishi waaminifu," kisha hufungua ukurasa mwingine.

Katika Apollo Bunder limesimama lango kubwa la mawe, Lango la Uhindi. Lilijengwa kuwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano aliyeshuka pale mwaka 1911, likamalizika 1924. Watu hupigia picha pale, njiwa wamejaa, wauza karanga hawakuachi upumue. Tarehe 28 Februari 1948 askari wa mwisho wa Kiingereza walipita chini ya lango hilo wakapanda meli kwenda kwao. Lango la kumkaribisha mfalme likawa la kuwatolea askari wake! Nilikaa kwenye ngazi zake saa nzima nikicheka peke yangu, polisi akanitazama mara mbili.

Lakini haikuwa fadhila. Tarehe 18 Februari 1946 mabaharia wa Kihindi katika chuo cha simu za upepo cha manowari za Mwingereza, kilichoitwa *Talwar*, walikataa kula. Chakula kilikuwa kibovu na maafisa waliwatukana. Ugomvi wa sahani, mtu angesema. Katika siku chache meli 78 ziligoma, mabaharia zaidi ya 20,000, na wafanyakazi wa mjini wakatoka viwandani kuwaunga mkono. Risasi zikapigwa mitaani, watu zaidi ya 200 wakafa. Wakubwa wa vyama, Patel wa Congress na Jinnah wa Muslim League, waliwashauri wasalimu amri, nao wakasalimu tarehe 23. Mwaka uliofuata Uhindi ikawa huru. Nasi tusisahau kuwa Septemba ya 1947 hiyo hiyo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasafiri na reli mpaka bara, wakati chama cha TANU hakijazaliwa.

Mabaharia wale waliofukuzwa hawakurudishwa kazini baada ya uhuru. Wanachama, hili nalisema polepole ili viongozi waliopo hapa walisikie.

Mengine nayapitia mbio. Treni za mjini milango yake iko wazi na watu wananing'inia kama ndizi. Kuna msikiti katikati ya maji ambao njia yake hufunikwa bahari ikijaa. Pilipili yao si ya mchezo.

Lakini siwezi kupita mbio wabeba chakula, maana hao ndio walionifanya niombe nafasi hii. Wanaitwa *dabbawala*. Tangu 1890 hukusanya chakula cha mchana majumbani katika makopo, wakayapakia kwenye treni, wakayafikisha kwa mwenyewe ofisini, kisha wakarudisha kopo tupu siku ile ile. Kabla ya korona ya 2020 walikuwa kama 5,000, wakibeba makopo yapatayo 200,000 kwa siku. Wengi hawakusoma sana. Kila kopo lina alama za rangi na herufi juu ya kifuniko: stesheni gani, jengo gani, ghorofa gani. Na tajiri wao ni nani? Hawana tajiri. Wamejiunga wenyewe, kila kikundi hugawana mapato sawasawa, na chama chao kiliandikishwa mwaka 1956. Korona iliwapunguza mno, lakini waliobaki niliwaona kwa macho yangu, kofia nyeupe kichwani, ubao mrefu wa makopo kichwani, wakipasua umati.

Makuli wa gati la zamani hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1989 ilifunguliwa bandari mpya ya makontena ng'ambo ya ghuba, Nhava Sheva. Meli zikahamia huko, na winchi moja hufanya kazi ya mamia ya mabega. Bandari imekua, kazi ya mikono imekwisha.

Ndugu wabeba mizigo, ninyi ndio mabaharia wa Tunduma. Shaba yapita hapa, mbolea yapita, nguo zapita, na kila mwaka kontena linalofungwa Dar es Salaam na kufunguliwa Lubumbashi linaongezeka. Leo kila mmoja wenu anapatana bei peke yake na dalali, usiku, mvuani, na anayeumia mgongo anarudi Mbozi au Ileje kwa nauli ya kuchangiwa. Hamna namba, hamna daftari, hamna sanduku la msaada.

Naleta pendekezo hili mbele ya mkutano. Tuandikishe ushirika wa wabeba mizigo, usiwe wa chama chetu peke yake, aingie kila anayebeba. Kila mtu apewe namba, bei ya tani iandikwe ubaoni, na sehemu ya mapato ya kila juma iwekwe kwa ajili ya wagonjwa. Wale wa Nakonde tuwaalike pia, kwa kuwa mizigo haijui mpaka. Afisa ushirika wa Vwawa amekubali kuja kutueleza sheria. Daftari liko mezani kwa mama mhazini. Asiyejua kuandika ataje jina, ataandikiwa.

Maswali, Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kuyapokea.